Kabla ya kuamini kilometa, pima tairi

SOMO KWA WENYE MAGARI YA BIASHARA

Mfanyabiashara wa nafaka hakubali kununua gunia kwa mizani asiyoijua. Mwenye kituo cha mafuta anajua kwamba pampu yake itakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Lakini mwenye lori, Coaster au gari la kukodisha hulipa mafuta, hupanga matengenezo, hutoza wateja na pengine humfukuza dereva kazi kwa kutegemea kipimo kimoja ambacho wengi hawajawahi kukihakiki hata mara moja. Kipimo hicho ni mita ya kilometa iliyo kwenye dashibodi.

Mita hiyo haipimi barabara. Inachofanya ni kuhesabu mizunguko ya shafti inayotoka kwenye gia boksi, kisha kuigeuza kuwa kilometa kwa kudhani kwamba kila mzunguko wa gurudumu ni urefu fulani. Urefu huo uliwekwa kiwandani kwa tairi la saizi fulani. Tairi likibadilishwa, dhana inabaki ileile lakini ukweli umebadilika. Mita haina njia ya kujua.

Kwa gari la nyumbani kosa la asilimia 3 si jambo kubwa. Kwa gari linalotembea kilometa 10,000 kwa mwezi, ni fedha.

ASILIMIA 3 NI KIASI GANI?

Chukua mfano wa lori lililotoka kiwandani na tairi za 315/80R22.5. Mwenye lori anabadilisha tairi za ekseli inayovuta na kuweka za 295/80R22.5, kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani au bei yake ni nafuu. Ringi ni ileile na tairi zinaingia bila taabu. Kwa macho hakuna tofauti.

Kwa hesabu tofauti ipo. Kipenyo cha tairi la kwanza ni milimita 1,075.5 na cha la pili ni 1,043.5. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi katika kilometa moja, hivyo mita huhesabu zaidi. Lori likitembea kilometa 1,000 za kweli, mita itaonyesha karibu 1,031.

Ikiwa mwenye lori hutoa mafuta kwa kipimo cha lita moja kwa kila kilometa 2.2, kilometa hizo 31 za hewa humgharimu lita 14 kwa kila kilometa 1,000. Kwa kilometa 10,000 za mwezi ni lita 141. Bei ya dizeli ikichukuliwa kuwa Sh 3,000 kwa lita, kwa ajili ya hesabu tu, hiyo ni karibu Sh 423,000 kwa mwezi kwa lori moja, yaani zaidi ya milioni 5 kwa mwaka. Mwenye malori matatu azidishe mwenyewe.

Upande wa pili wa hesabu ni mchungu zaidi. Lori lililowekewa mita kwa tairi za 295/80 likifungwa za 315/80, kilometa 1,000 za kweli huonekana 970 tu. Dereva anayelipwa mafuta kwa mita hupewa lita 441 badala ya 454 na nusu. Zile lita 13 na nusu zimeungua kwenye injini, lakini kwenye daftari la ofisi zinaonekana zimeibwa. Ugomvi mwingi kati ya matajiri na madereva kuhusu mafuta yanayonyonywa huanza na kumalizika bila mtu yeyote kuinama na kusoma namba ya tairi. Wizi wa mafuta upo na haufichiki kwa wanaoijua biashara hii. Lakini mwenye mita isiyohakikiwa hawezi kumtofautisha mwizi na mtu mwaminifu.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi: tairi dogo huongeza kilometa za mita, tairi kubwa huzipunguza.

KUSOMA NAMBA YA TAIRI

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi inatosha kwa hesabu ya kwanza. Katika 195/65R15, namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni urefu wa ubavu ukiwa asilimia ya upana huo. Herufi R inaonyesha kwamba ni tairi la waya, yaani radiali. Namba 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4.

Hesabu yake ni hii: asilimia 65 ya 195 ni milimita 126.75. Ubavu upo juu na chini, hivyo mara mbili ni 253.5. Ringi ya inchi 15 ni milimita 381. Jumla ni milimita 634.5, na hicho ndicho kipenyo cha tairi jipya likiwa halijabeba mzigo.

Tairi nyingi za magari madogo ya mizigo na abiria huandikwa kwa kifupi, kama 195R14C, bila namba ya ubavu. Hapo ubavu huchukuliwa kuwa asilimia 80 hadi 82 ya upana. Herufi C ni alama ya tairi la gari la biashara.

Watu wengi huchukua kipenyo na kukizidisha kwa 3.14 ili kupata mzingo. Kwa tairi lililobeba gari jibu hilo huzidi kidogo, kwa sababu tairi hubonyea linapokanyaga chini. Watengenezaji wa tairi za radiali hutumia 3.05 badala yake. Hesabu hiyo inatoa makadirio yafuatayo kwa baadhi ya saizi zinazojulikana sokoni:

Saizi – Kipenyo (mm) – Mzingo wa kutembea (m) – Mizunguko kwa km
175/70R13 – 575 – 1.754 – 570
185/70R14 – 615 – 1.875 – 533
195/65R15 – 635 – 1.935 – 517
205/70R15 – 668 – 2.037 – 491
295/80R22.5 – 1,044 – 3.183 – 314
315/80R22.5 – 1,076 – 3.280 – 305

Saizi ambayo gari lilikusudiwa kutumia huwa imeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pamoja na upepo unaotakiwa. Anayenunua gari lililotumika afungue mlango, asome kibandiko, kisha alinganishe na tairi zilizofungwa. Zikitofautiana, ajue kwamba kilometa zinazoonekana kwenye mita si kilometa ambazo gari limetembea tangu tairi hizo zifungwe. Hilo ni tofauti na udanganyifu wa kurudisha mita nyuma, ambao hauwezi kugunduliwa kwa tairi peke yake.

KUPIMA TAIRI LENYEWE

Namba ya ubavuni ni ahadi ya kiwanda. Tairi mbili zenye namba moja kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana kidogo, na tairi lililovishwa mpira mpya linaweza kutofautiana na lile ambalo halijawahi kuvishwa. Tairi linaloisha nalo hupungua. Tairi la gari dogo likianza na kashata za milimita 8 na kuisha hadi 1.6, kipenyo kimepungua milimita 12.8. Tairi la lori likianza na milimita 16 na kubaki na 2, kipenyo kimepungua milimita 28. Kwa maneno mengine, tairi la 315/80 linaloelekea kipara lina kipenyo karibu sawa na la 295/80 lililotoka dukani. Mzingo wa kutembea nao hupungua, ingawa si lazima kwa kiwango kilekile. Dawa ni kupima.

Vifaa ni chaki na tepu ndefu ya mafundi ujenzi. Utaratibu ni huu:

1. Tairi zijazwe upepo unaotakiwa zikiwa za baridi, na gari libebe mzigo wake wa kawaida. Gari lisimame mahali tambarare penye saruji au lami.

2. Tairi la ekseli inayovuta lichorwe mstari wa chaki sehemu inayogusa chini, na sakafu ichorwe mstari mkabala nao. Kwa magari mengi mita huendeshwa kutoka kwenye gia boksi, hivyo tairi zinazohusika ni zile zinazovuta. Tairi za mbele za lori hazibadilishi kilometa.

3. Gari lisogezwe polepole mbele, likienda moja kwa moja, hadi mstari wa tairi uguse chini mara 10. Sakafu ichorwe tena hapo.

4. Umbali kati ya mistari miwili ya sakafu upimwe na kugawanywa kwa 10. Jibu ni mzingo wa kutembea.

Kupima mzunguko mmoja tu hakutoshi. Kosa la sentimita 3 katika mzunguko mmoja wa tairi la lori ni karibu asilimia 1. Likigawanywa katika mizunguko 10 linabaki moja ya kumi ya asilimia. Lililo bora ni kupima upande wa kulia na wa kushoto na kuchukua wastani.

Kuna njia ya mkato inayopendwa gereji ambayo inafaa kuepukwa. Fundi hupima kutoka sakafuni hadi katikati ya gurudumu, kisha huzidisha kwa 6.28. Tairi la 315/80R22.5 lenye mzigo husimama karibu milimita 500 kutoka chini hadi katikati. Kwa njia hiyo mzingo unakuwa mita 3.14, wakati tairi hilo hutembea karibu mita 3.28 kwa mzunguko. Kosa ni zaidi ya asilimia 4, kubwa kuliko lile lililokuwa linatafutwa. Sababu ni kwamba mkanda wa waya ulio ndani ya tairi la radiali haufupiki kwa sababu tairi limebonyea. Hupita chini kama mnyororo wa katapila, urefu wake ukibaki karibu uleule.

Tepu hiyo ina faida nyingine kwa wenye malori. Tairi pacha zilizofungwa pamoja zikiwa na mizingo tofauti haziwezi kuzunguka sawa. Kubwa hubeba mzigo zaidi na dogo huburuzwa, na zote mbili huisha kabla ya wakati. Kuzipima kabla ya kuzifunga ni kuokoa bei ya tairi.

KUPIMA BARABARANI

Baada ya tairi, mita yenyewe ipelekwe barabarani. Njia ya zamani ni nguzo za kilometa kando ya barabara kuu. Gari lianze kwenye nguzo moja, kilometa za mita ziandikwe, kisha liendeshwe bila kuchepuka hadi nguzo ya 20. Mita nyingi huonyesha hadi moja ya kumi ya kilometa, hivyo katika safari ya kilometa 10 mtu anaweza kukosea asilimia 1 kwa kusoma tu. Katika kilometa 20 kosa hilo hupungua kuwa nusu. Nguzo mbili peke yake zisitegemewe, kwani barabara ikinyooshwa upya nguzo inaweza kubaki mahali pasipo pake.

Njia ya sasa ni setilaiti. Simu yenye programu ya kupima mwendo hutoa umbali usiohusiana na tairi hata kidogo. Mabasi ya masafa marefu nchini Tanzania hufungwa vifaa vya kufuatilia mwenendo wa gari chini ya mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, na wenye malori wengi hufunga vifaa vya aina hiyo kwa hiari. Mwenye kifaa hicho tayari analipia kipimo cha pili cha kilometa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuweka karatasi mbili pamoja na kulinganisha. Safari ya kulinganisha iwe ndefu, kilometa 50 au zaidi, katika eneo la wazi, kwa kuwa mawasiliano na setilaiti yakikatika kifaa kinaweza kukata kona.

Kilometa za kweli zikigawanywa kwa kilometa za mita hupatikana kizidisho. Ikiwa nguzo zimesema 20 na mita imesema 20.6, kizidisho ni 0.971. Kuanzia hapo kila kilometa ya mita izidishwe kwa 0.971 kabla ya kuingia kwenye hesabu ya mafuta.

MSHALE NI HABARI NYINGINE

Wengi hudhani kwamba mshale wa spidomita ukikosea, mita ya kilometa nayo imekosea kwa kiasi hichohicho. Si lazima. Kwa spidomita ya zamani, waya kutoka gia boksi huzungusha sumaku ndani ya kikombe cha chuma chepesi, na nguvu ya sumaku hukisukuma kikombe hicho dhidi ya springi ndogo inayoshika mshale. Kilometa huhesabiwa na meno ya gia yanayosukumwa na waya uleule. Springi inaweza kuchoka na sumaku kupungua nguvu, lakini meno hayachoki namna hiyo.

Zaidi ya hapo, mshale huwekwa makusudi uzidishe. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita inakataza mshale kuonyesha mwendo mdogo kuliko wa kweli, lakini inaruhusu kuzidisha hadi asilimia 10 ya mwendo wa kweli na kilometa 4 juu yake. Gari dogo linalokwenda 80 linaweza kuonyesha hadi 92 na bado likawa ndani ya kanuni. Hivyo mtu asichukue kosa la mshale na kulitumia kusahihisha kilometa.

Mshale hupimwa kwa saa. Gari liendeshwe kwa mwendo usiobadilika kati ya nguzo mbili, abiria akishika saa, si dereva. Namba 3,600 ikigawanywa kwa sekunde zilizotumika katika kilometa moja hutoa mwendo wa kweli. Kwa 80 ni sekunde 45. Ikiwa mshale ulisema 80 na kilometa ilichukua sekunde 48, mwendo wa kweli ulikuwa 75.

Hatari ipo kwa anayefunga tairi kubwa. Zile kilometa za ziada ambazo mshale huzidisha huanza kuliwa. Kwa tairi zilizozidi kwa asilimia 5, mshale uliokuwa sahihi kabisa utasema 80 gari likiwa linakwenda 84. Tochi ya trafiki haisomi dashibodi.

KUREKEBISHA

Mwenye magari ana njia tatu.

Ya kwanza ni kuandika kizidisho kwenye daftari na kuiacha mita ilivyo. Haina gharama na inafaa kwa gari moja au mawili.

Ya pili ni gia. Kwenye magari yanayotumia waya, gia ndogo inayoendesha waya huo kutoka gia boksi inaweza kubadilishwa kwa yenye meno tofauti, ikipatikana. Gia ya meno 20 ikibadilishwa kwa ya meno 21, waya huzunguka polepole zaidi kwa asilimia 4.8. Kwa magari mengi ya Kijapani waya huzunguka mara 637 kwa kilometa, na fundi anaweza kutumia namba hiyo kuhakiki kichwa cha mita kikiwa mezani. Ikiwa kichwa ni kizima, kosa lipo kwenye gia au kwenye tairi.

Ya tatu ni ya magari ya umeme wa kisasa na malori yenye takografu. Hapa hakuna meno, kuna namba ya mapigo kwa kilometa. Lori lililowekewa mapigo 8,000 kwa tairi za 315/80 linahitaji karibu 8,245 likifungwa za 295/80. Fundi mwenye kifaa chake huingiza namba mpya kwa muda mfupi. Ulaya, kanuni ya mwaka 1985 ya takografu ilidai ukaguzi wa angalau kila miaka miwili na upimaji wa mzingo wa tairi, ikiruhusu kosa la umbali la asilimia 2 wakati wa kufunga na asilimia 4 gari likiwa kazini. Malori mengi yaliyotumika hutoka huko yakiwa na namba za tairi za zamani. Yakishafungwa tairi nyingine, namba hizo hazina maana tena.

Jambo moja lisifanyike: kung'oa mshale na kuurudisha mahali pengine. Hilo hubadilisha mwendo unaoonekana. Kilometa hubaki na kosa lake.

KWENYE MKATABA NA KWENYE DAFTARI

Anayekodisha gari kwa kilometa, na anayelikodi, wote wana haki ya kipimo sahihi. Sentensi moja kwenye mkataba inatosha: kilometa zitahesabiwa kwa kizidisho kilichopimwa mbele ya pande zote mbili siku ya makabidhiano, na tairi hazitabadilishwa saizi bila kupimwa upya.

Bei ya tairi nayo ihesabiwe kwa kilometa za kweli. Tairi za 295/80 zilizoonekana kudumu kilometa 80,000 kwenye mita ya lori lililotajwa hapo juu zimetembea karibu 77,600 tu. Anayelinganisha aina mbili za tairi kwa mita isiyosahihishwa anaweza kuisifu ile iliyo hafifu.

Kila gari liwe na ukurasa wake wenye mambo manne: saizi ya tairi zinazovuta, mzingo uliopimwa, kizidisho, na tarehe. Upimaji urudiwe kila tairi zinapobadilishwa, na tena zinapofika nusu ya umri wake. Kazi hiyo humchukua fundi na utingo asubuhi moja. Dereva awepo wakati wa kupima na atie saini chini ya kizidisho, kwa sababu namba hiyo ndiyo itakayotumika siku mafuta yatakapopungua na mtu akatakiwa kujieleza.